CD ya Pili

Mwaka 2003 Mjomba alikuwa na kibanda cha video Magomeni, hapa Mtwara mjini. Kuta za udongo, juu makuti, madirisha yamezibwa kwa viroba ili walio nje wasichungulie bure. Ndani kulikuwa na televisheni ya inchi 21, deki ya CD iliyofunikwa kitambaa cha kudarizi, spika moja kubwa na mabenchi sita ya mbao. Kiingilio shilingi 100. Nilikuwa kidato cha pili, na kila jioni nilikuwa na kazi mbili: kukusanya hela mlangoni, na kuandika kwa chaki ubaoni picha ya siku hiyo. Jumamosi ninayotaka kuisimulia niliandika SPAIDA MANI kwa herufi kubwa, na ilipofika saa mbili kasoro robo watu walikuwa wameshajaa, wengine wameketi chini kwenye mkeka.

Hakuna hata mmoja aliyekuwa ameshaiona. Walichokijua ni nguo tu, ile nyekundu na buluu yenye utando, kwa sababu walishaiona kwenye fulana za mtumba na mabegi ya watoto wa shule. Walikuwepo wapagazi wa bandarini, wavuvi, wanafunzi wenzangu waliotoroka makwao, na fundi baiskeli mmoja mzee aliyekuwa na nafasi yake benchi la mbele ambayo hakuna aliyethubutu kuikalia. Kiingereza chao kiliishia kwenye salamu. Leo nikisikia watu wanabishana kuhusu watazamaji wa kawaida, kwamba wataelewa nini na watapotelea wapi, wanaonijia akilini ni watu wa mabenchi yale.

Picha ndefu wakati ule zilikuja kwenye CD mbili, maana CD moja haikubeba zaidi ya saa moja na kidogo. Mjomba akaingiza ya kwanza. Maandishi ya mwanzo yakapita, kisha picha ikaganda, ikakatika miraba miraba, deki ikakoroma na kuitema. Akaitoa, akaifuta kwa fulana yake, akairudisha. Ikagoma. Akaipaka dawa ya meno, kwa sababu tuliamini dawa ya meno inaziba mikwaruzo, akaisuuza, akaikausha, akairudisha tena. Ikagoma. Miluzi ikaanza, kisha kelele za "Rudisha hela!" Kurudisha hela za watu wote wale Mjomba hakutaka hata kukufikiria. Akachukua CD ya pili, akaiingiza, akakaa kwenye kigoda chake bila kusema neno.

Kwa hiyo watu wale waliingia kwenye kisa cha Spider-Man karibu saa nzima baada ya kuanza. Hawakumwona Peter Parker akidhihakiwa na wenzake shuleni. Hawakumwona buibui akimng'ata, wala akigundua kwamba vidole vyake vinanasa ukutani. Hawakujua nani alimshonea nguo. Tulidondokea katikati ya sherehe ya barabarani New York, Green Goblin anashuka kutoka angani amesimama juu ya chombo chake, watu wanakimbia, ghorofa linabomoka.

Walielewa kwa dakika chache tu. Huyu wa kijani ndiye adui. Yule wa utando ndiye steringi. Msichana yule mwenye nywele nyekundu ndiye anayependwa, na kijana mwembamba anayejificha na kamera yake ndiye steringi akiwa amevua nguo. Kuna pale kwenye chakula cha sikukuu, Peter ametoka kupigana, ana jeraha mkononi, amejibanza kwenye dari la chumba chake, na tone moja la damu linadondoka sakafuni. Kisha wote wanaketi mezani, na baba wa rafiki yake, ambaye ndiye Goblin mwenyewe, anauona mkono uliochanika. Kibanda kizima kilinyamaza. Hakuna aliyehitaji tafsiri. Mpagazi mmoja akasema kwa sauti ya chini, kama anaogopa kusikika kule ndani ya televisheni: "Ameshamjua."

Ila fundi baiskeli alikuwa na jambo lake. Tangu alipomwona yule mama mzee anayemlea Peter alikuwa ananigeukia. "Huyu kijana mtoto wa nani?" Nikamwambia sijui. Goblin alipovunja dirisha na kumvamia mama yule akiwa amepiga magoti kando ya kitanda anasali, watu walipiga ukelele, lakini fundi aligeuka tena: "Si unaona? Nyumba haina baba. Baba yake yuko wapi?" Nilikuwa sijui, na nilianza kuona aibu ya kutojua, kwa sababu mimi ndiye niliyehesabiwa kuwa msomi wa pale.

Jibu lilikuwa mwishoni. Goblin amechakaa, amevua kinyago, anamsihi Peter: nimekuwa kama baba kwako, sasa na wewe kuwa mwanangu. Peter anamjibu kwamba baba anaye, na jina lake lilikuwa Ben Parker. Kwa Kiingereza changu cha kidato cha pili niliidaka sentensi ile nzima nzima, nikasimama na kuipaza: "Anasema ana baba yake! Anaitwa Ben Parker!" Fundi akalipiga goti lake kofi. "Ehee! Nilijua tu hawezi kukosa mwenyewe."

Nimeikumbuka jioni ile mara nyingi, hasa kila filamu mpya ya mashujaa inapotoka na mjadala uleule kuanza upya: je, mtu ambaye hajawahi kusoma vitabu vyao vya katuni anaweza kumwelewa shujaa bila kuonyeshwa alivyopata nguvu? Watengenezaji wengi wamejibu kwa miaka mingi kwamba hawezi, kwa hiyo wanaanza kila mara na utoto, ajali, mshangao wa kuona mwili umebadilika, mazoezi, nguo ya kwanza iliyoharibika, nguo ya pili iliyokubali. Adui anaingia filamu ikiwa nusu.

Mimi nasema jibu hilo si sahihi, na ushahidi wangu wa kwanza ni watu waliokosa CD ya kwanza. Katika saa nzima ile hakuna aliyeuliza nguvu zimetoka wapi. Steringi ana nguvu. Angekosa nguvu asingekuwa steringi. Sote tumekua na hadithi za Sungura, na sijawahi kumsikia mtoto akimkatiza bibi yake kuuliza Sungura alipata wapi ujanja. Sungura ni mjanja, Fisi ni mlafi, hadithi inaendelea. Swali lililomkosesha fundi raha lilikuwa lingine, na ndilo tunaloulizwa wote tukifika ugenini kabla hata hatujapewa maji: wewe mtoto wa nani?

Hayo ni maswali mawili tofauti, na naona filamu nyingi zimejibu la kwanza kwa saa nzima zikidhani zimejibu la pili.

Wiki iliyofuata Mjomba alipata CD ya kwanza nzima, tukaionyesha Jumamosi kwa wale wale. Walikuja karibu wote. Na niwe mkweli, kipande kirefu cha mwanzo kiliwachosha. Peter anajaribu kutoa utando juu ya paa, anapaza maneno ya kuuamuru, utando unakataa. Watu wakatoka kununua mihogo ya kukaanga, wakarudi, bado yuko juu ya paa. Lakini ilipofika kwenye mieleka kikageuka. Ameahidiwa dola 3,000 akivumilia dakika 3 ulingoni, ameshinda, mwenye ukumbi anampa dola 100. Mwizi anaingia, anachukua hela za mwenye ukumbi, anapita mbele ya Peter, na Peter anampisha. Mihogo ikawekwa chini. Muda si mrefu mwizi yuleyule amempiga risasi Ben barabarani na kuchukua gari lake. Fundi baiskeli akasema, bila kunigeukia safari hii, "Ndio Ben Parker huyo." Mpagazi aliyekaa nyuma yake alivua kofia akajifutia uso.

Tulimlilia mtu ambaye tulishasikia jina lake kabla hatujamwona. Sidhani kama ingetuuma vile kama tungemwona kwanza, kwa mpangilio waliokusudia wenyewe.

Hapa pana jambo la lugha ambalo limenifurahisha tangu siku ile. Kiingereza kinamwita Ben kwa neno lilelile wanalomwitia kaka wa mama. Lakini Ben ni kaka mkubwa wa baba yake Peter. Kwetu huyo ni baba mkubwa, na baba mkubwa ni baba. Peter aliposema "baba ninaye", Kiingereza kilikuwa kinapanda mlima. Kwa Kiswahili alikuwa anasema jambo la kawaida kabisa, na ndiyo maana fundi hakushangaa hata kidogo.

Kwa hiyo ninavyoona, kuna mambo mawili yamefungwa kwenye furushi moja. Kuna ajali: buibui, miale, dawa iliyomwagika, sayari iliyolipuka. Na kuna uamuzi, yaani lile shujaa alilolitenda au kuacha kulitenda, akabaki na deni kwa mtu. Ajali isimuliwe kwa sentensi moja, hata ikiachwa haiharibiki kitu. Uamuzi ndio unaostahili kuonyeshwa, na hauna lazima ya kukaa mwanzo.

Waliowaumba mashujaa hawa walilijua hilo. Superman alipotoka mara ya kwanza mwaka 1938, kazi ya Jerry Siegel na Joe Shuster, asili yake ilimalizwa kwenye ukurasa mmoja: sayari inakufa, mtoto anatumwa duniani, amekua, kazi ianze. Batman alitoka Mei 1939, na wasomaji walimfuata miezi sita wakimjua tu kama tajiri anayevaa nguo za popo usiku. Walipoelezwa Novemba ya mwaka huo kwamba wazazi wake waliuawa mbele yake, maelezo yalichukua kurasa 2. Spider-Man wa Stan Lee na Steve Ditko, Agosti 1962, alipewa kurasa 11, na kurasa hizo 11 zilitosha kumng'ata, kumpa nguvu, kumpatia umaarufu, kumpitisha mwizi na kumuua Ben. Hao walikuwa wanawaandikia watoto wenye senti 10 au 12 mkononi, watoto ambao hawakuwahi kusikia majina hayo. Hakuna mtazamaji wa kawaida kuliko huyo.

Sinema ndiyo iliyorefusha. Filamu ya Superman ya mwaka 1978 ilikaa sana kwenye sayari yake na shambani Kansas kabla Christopher Reeve hajapaa kwa nguo ya buluu, na kwa kuwa ilipendwa sana, ikawa kama kanuni. Naipenda filamu ile, na shamba lile ni sehemu yake nzuri kuliko zote. Lakini ilikuwa mara ya kwanza kwa kiwango kile. Kurudiwa ndiko kunakonichosha. Wazazi wa Batman wamepigwa risasi mbele ya macho yetu mwaka 1989, wakapigwa tena 2005, tena 2016, tena 2019 kwenye filamu ambayo hata si ya Batman. Zile lulu za mama yake zinazokatika shingoni na kudondoka barabarani nimeziona zikidondoka mara nyingi kiasi kwamba mkono wa muuaji ukinyooka tu, nasubiri lulu. Kifo cha mama mbele ya mtoto wake kimegeuzwa kuwa kama nembo ya kampuni inayopita mwanzoni, na hilo linaniuma kweli, kwa sababu ni jambo zito. Filamu ya 2022 ikampa Batman wa Robert Pattinson mwaka wa pili wa kazi na haikuonyesha mauaji hayo hata kidogo. Badala yake ikaweka mvulana aliyefiwa na baba yake, amesimama kimya, na Batman anamtazama kwa muda kuliko inavyohitajika. Kutazama kule kulinitosha.

Nimeshasema uamuzi uonyeshwe, kwa hiyo lazima nitoe haki kwa zilizofanya hivyo vizuri. Iron Man, mwaka 2008. Hapa kwetu hakuna aliyemjua, hata fulana zake hatukuwa nazo. Kama mwongozaji Jon Favreau angeanza na mtu wa chuma anaruka tu, labda tungemwona kama mashine nyingine. Lakini asili yake si ajali. Ni mfanyabiashara wa silaha aliyetekwa Afghanistan, akakuta silaha zilizoandikwa jina lake mikononi mwa waliomteka, akafungwa pangoni na mtu mmoja muungwana anayeitwa Yinsen ambaye alikufa ili yeye atoke. Alivyorudi kwao akatangaza kwamba kiwanda chake hakitatengeneza silaha tena. Ukikata kipande kile umekata filamu yenyewe. Nilimwonyesha dada yangu, ambaye hana habari na mashujaa, akaitazama yote bila kushika simu.

Na kuna upande mwingine ambao wenzangu wanaopinga filamu za asili ya shujaa hawapendi kuusikia. Spider-Man wa Tom Holland aliingia mwaka 2016 kwenye filamu ya wengine, akapata yake 2017, na buibui akatajwa kwa maneno machache tu. Nilipiga makofi peke yangu sebuleni. Lakini nilipofika mwisho nilihisi kuna pengo, na ilinichukua muda kujua ni nini: walipomtupa buibui walimtupa na Ben. Kijana anamkimbilia Tony Stark, yaani yule Iron Man, anataka sifa ya Tony Stark, anavaa nguo aliyopewa na Tony Stark. Fundi baiskeli angeuliza swali lake na asingepata jibu la kumtuliza. Ilibidi ifike filamu ya tatu, mwaka 2021, May, yule mama anayemlea, auawe, amwachie Peter maneno yale ya wajibu wa mwenye nguvu, ndipo kijana yule akawa na mtu anayemdai. Miaka mitano. Asili ilikuja mwisho, na ilivyokuja, ilikuja na nguvu zote. Kwangu huo ni uthibitisho kuliko kasoro, ingawa naelewa mtu aliyechoka njiani.

Siku hizi mtazamaji mgeni akipotea, kinachompoteza ni mlolongo. Tangu 2008 filamu za kampuni ya Marvel peke yake zimepita 30, nyingine zimeunganishwa na tamthilia, na mtu anayeletewa moja kwenye flashi anakuta watu wanakumbatiana na kulia kwa mambo yaliyotokea kwenye nyingine ambayo hajawahi kuiona. Hilo linahitaji makala yake.

Nataka kumleta Bibi yangu hapa. Ni Mmakonde wa Newala, amezaliwa juu huko kwenye uwanda, na hajawahi kuingia kwenye jumba la sinema maisha yake yote. Lakini ameona watu waliovaa vinyago tangu mtoto. Kwetu lipiko likitoka kucheza, vijana wakishatoka jandoni, linakuja limefunikwa mwili mzima kwa nguo, njuga zinalia miguuni, na kichwani kinyago kilichochongwa kwenye mti mwepesi, chenye nywele za kweli zilizobandikwa na chale za uso zilizochorwa kwa nta. Mchezaji anaona njia kupitia mdomo wa kinyago, ndiyo maana kichwa kinainuka kama kinatazama mawinguni. Wanawake na watoto wasiotahiriwa hawatakiwi kujua kuna nani ndani. Mvulana analijua hilo jandoni: kwamba kile kilichokuwa kinamkimbiza na kumtisha miaka yote ni mtu.

Nilimuuliza Bibi mara moja kama hakuwahi kutaka kujua ni nani yule ndani. Alinitazama kama nimetamka tusi. "Mume wangu," akasema, maana ndivyo anavyonitania mjukuu wake, "lipiko ni lipiko." Halafu akanieleza kwa kirefu ngoma ile ilichezwa kwa ajili ya watoto wa nani, nyumba ipi ilipika pombe, nani alikuwa somo, nani alikosekana na kwa nini. Alijua kila ukoo uliosimama pale uwanjani. Asili ya kinyago hakuihitaji hata kidogo.

Hata ile hadithi ya asili yetu Wamakonde, anavyoisimulia yeye, imejengwa hivyohivyo. Mtu alikuwa peke yake porini, akachonga sanamu ya mwanamke, akaisimamisha, asubuhi akaikuta ina uhai. Muujiza huo Bibi anaupita mbio. Anapokaa ni kwenye watoto: wa kwanza alizaliwa bondeni karibu na maji akafa, wakapanda, wa pili akafa, wakapanda hadi juu kabisa, wa tatu akaishi. Kwa hiyo msikae bondeni. Maji ni mbali, tutayabeba kichwani, lakini watoto wataishi. Ukifika Newala ukaona watu walivyojenga juu ya uwanda miaka yote hiyo wakati chemchemi ziko chini kabisa, unaona bado wanauheshimu uamuzi wa wazazi wale wawili.

Ndiyo maana Black Panther ya mwaka 2018 ilinigusa mahali ambapo nyingine hazijawahi kufika. Shujaa wake, T'Challa, alishatambulishwa kwenye filamu ya 2016, kwa hiyo mwongozaji Ryan Coogler hakulazimika kumwelezea. Anaanza na sauti ya mtoto anamwomba baba yake hadithi ya kwao, na baba anasimulia: kimondo, mmea, makabila matano, nchi iliyojificha. Ni kama dakika mbili. Tumeanza hadithi hivyo tangu tuko mapajani. Kisha filamu nzima inakuwa ni swali la fundi baiskeli. Maporomokoni T'Challa anazidiwa, mama yake anapiga kelele amwonyeshe mpinzani wake yeye ni nani, naye anajitaja kwa jina la baba yake. Baadaye adui, Killmonger, anaingizwa mbele ya wazee amefungwa pingu, anawaambia waulize yeye ni nani, na anapoulizwa anajibu kwa Kixhosa kwamba ni mwana wa N'Jobu, ndugu wa baba yake T'Challa. Wazee wanainuka vitini. Hakurusha hata ngumi. Amemtaja baba tu.

Mwenye asili ndefu katika filamu ile ni yeye, adui, na asili yake ni uamuzi wa watu wengine: walimuua baba yake Oakland mwaka 1992 na kumwacha mtoto peke yake, wakarudi kwao na siri. Coogler aligawanya vizuri sana. Nguvu za shujaa zikapewa dakika mbili, deni la ukoo likapewa filamu yote.

Mwaka jana Bibi alishuka Mtwara kwa ajili ya kliniki ya presha, akakaa kwangu wiki mbili. Jioni moja binti yangu wa miaka tisa alikuwa na Superman mpya ya James Gunn, ile ya 2025, kwenye kompyuta yangu. Tukaiweka juu ya meza ndogo, Bibi akavuta kiti. Filamu ile haina sayari inayolipuka mwanzoni. Ina maandishi tu yanayohesabu kurudi nyuma kwa tatu tatu: karne tatu, miongo mitatu, miaka mitatu, wiki tatu, saa tatu, mwisho dakika tatu zilizopita Superman alipigwa kwa mara ya kwanza. Nilikuwa natafsiri mbio mbio, na kabla sijamaliza mtu ameshaanguka kwenye theluji, damu mdomoni, anampigia mluzi mbwa wake.

Bibi akauliza, "Maskini. Mtoto wa nani huyu?"

Binti yangu akataka kumjibu kwamba ametoka sayari nyingine. Nikamzuia kwa mkono. Ndani ya filamu wakamwekea majeruhi ujumbe wa wazazi wake waliomzaa, wenye nguo nyeupe, wanazungumza kwa upole, na Bibi akatikisa kichwa kuridhika: "Haya, hao." Lakini kadiri inavyoendelea adui yake, Lex Luthor, anaipata sehemu ya pili ya ujumbe ule, na kumbe wazazi wale walimtuma mtoto wao aje awatawale watu. Nilipomtafsiria, Bibi aliweka kikombe cha chai chini. Dunia nzima inamgeukia kijana, na yeye mwenyewe hajui tena aseme ametoka wapi. Anapelekwa Kansas, kwenye nyumba ndogo, kwa mzee mnene na mkewe waliomlea, wanaongea kwa lafudhi ya shamba na kupigana vikumbo kwenye simu. Mzee anaketi naye nje, anaongea akitafuta maneno. Hapo Bibi hakuniuliza chochote, na mimi nikaacha kutafsiri.

Mwishoni kabisa yuko kwake kwenye barafu, amechoka, roboti wanamtibu, wanamwekea picha za wazazi wake za kumliwaza kama walivyofanya mwanzo. Safari hii wale wenye nguo nyeupe hawapo. Ni picha za nyumbani, zimepigwa na mkono unaotetemeka: mtoto mdogo shambani, mzee anambeba, mama anacheka.

Maandishi ya mwisho yakaanza kupanda. Binti yangu akanyoosha mkono kuifunga kompyuta.

"Acha kwanza," Bibi akasema. "Nirudishie pale kwa wale waliomlea. Sijawaona vizuri."

Nikarudisha.